Zamu ya 7: namna Golden State ilimchagua Kuminga wa Goma, na juu gani aliendelea kungoja

Mwishoni mwa Septemba 2025, kisha kungoja kiangazi kizima, Jonathan Kuminga alikubaliana na Golden State Warriors mkataba wa miaka 2. Ni feza nyingi, zaidi ya dola milioni 20 kwa mwaka. Lakini kwa mwaka wa pili, ekipe yenyewe ndiyo ilipewa haki ya kuamua kama inaendelea naye ao inamuacha. Kwa kijana mwenye alizaliwa Goma tarehe 6 Oktoba 2002 na mwenye alifika NBA na miaka 18 tu, mkataba wa namna hiyo ulionyesha kama ekipe yake ilikuwa bado haijajua inataka kumfanya nini.

Wengi walimlaumu kocha Steve Kerr, eti ndiye alikuwa anamkalisha kwenye benchi. Ni kweli kwa nusu. Nusu ingine inaanzia tarehe 29 Julai 2021, usiku wenye Golden State ilikuwa na zamu mbili za kuchagua na ilipaswa kusema waziwazi inatafuta nini.

Kwa mtu mwenye amezoea kabumbu, hii mambo ya drafti inashangaza kidogo. TP Mazembe inamnunua mchezaji yeyote mwenye inaweza kumlipa, na mchezaji anaweza kukataa. Kwenye basiketi ya Marekani, anayeanza hachagui ekipe. Kila mwaka ekipe 30 zinapanga mustari na kuita vijana, mara mbili, majina 60 kwa jumla. Ekipe zenye zilifanya vibaya zinapewa nafasi za mbele, lakini si moja kwa moja. Zile 14 zenye hazikuingia kwenye mechi za mtoano zinafanyiwa kwanza bahati nasibu, na tangu 2019 zile 3 za mwisho kabisa kila moja ina asilimia 14 ya kupata nafasi ya kwanza. Walifanya hivyo juu kulikuwa ekipe zenye zilikuwa kama zinatafuta kushindwa.

Mwenye kuchaguliwa kwenye duru ya kwanza anapata mkataba wa miaka 4, na mshahara unafuata namba ya zamu yake. Miaka 2 ya kwanza ni ya uhakika, na mbili zenye zinafuata ekipe ndiyo inaamua. Ile miaka 4 ikiisha, anaweza kutafuta kwingine, lakini ekipe yake ina haki ya kulipa bei ileile na kubakia naye. Ni kusema ekipe ikimchagua kijana, inashika karibu miaka yake yote ya mwanzo. Na zamu yenyewe ni mali: inauzwa, inabadilishwa, inatolewa miaka mbele kama deni.

Ile zamu ya 7 haikuwa hata ya Golden State. Ilikuwa ya Minnesota. Mu Februari 2020 Golden State ilimtuma D'Angelo Russell kule, ikamchukua Andrew Wiggins, na juu yake ikaomba zamu ya duru ya kwanza ya 2021. Minnesota ikaweka sharti: kama bahati nasibu inatuweka ndani ya 3 wa kwanza, zamu inabakia yetu. Bahati nasibu ikaiangusha kwenye 7. Zamu ya 14, ile ilikuwa yao wenyewe. Walikuwa wameshinda mechi 39 na kupoteza 33, kisha wakapoteza mbili za kugombania tiketi ya mwisho, mbele ya Lakers na mbele ya Memphis.

Sasa, wafanye nini? Stephen Curry alikuwa na miaka 33, Draymond Green na Klay Thompson 31. Thompson alikuwa hajacheza miaka miwili, goti kwanza, kisha mshipa wa kisigino. Ekipe yenye ilishinda ubingwa mu 2015, 2017 na 2018 ilikuwa inaona jua linaanza kushuka.

Njia ya kwanza ilikuwa kuuza zamu zote mbili, waongeze na kijana mmoja, walete mchezaji mwenye amekomaa wa kumsaidia Curry mara moja. Njia ya pili ilikuwa kuzitumia, lakini kwa vijana wenye wako tayari. Davion Mitchell alikuwa na miaka 22 na alikuwa ametoka kushinda ubingwa wa vyuo vikuu na Baylor. Franz Wagner, Mjerumani wa chuo cha Michigan, alikuwa na miaka 19 lakini alikuwa tayari anajua kupitisha mpira, kulinda na kusoma mchezo. Njia ya tatu: kuchukua kipaji kikubwa chenye bado kibichi, wakivumilie.

Kuminga ndiye alikuwa hiyo njia ya tatu. Aliacha vyuo vikuu vyenye vilimtaka akaenda Ignite, ekipe yenye NBA ilianzisha kwenye ligi yake ndogo kwa ajili ya vijana. Kwenye mechi 13, mbele ya wanaume wazima, alipata wastani wa pointi 15.8 na mipira 7.2 ya kuokota chini ya kikapu. Mwili na mruko, hakuna mwenye alivibishia. Lakini mitupo yake ya mbali ilikuwa inaingia chini ya moja kwa nne. Na mchezo wa Golden State ni kukimbia bila mpira, kupitisha haraka, kutupa kutoka mbali. Kila mtu aliona kama hapo kuna shida.

Kwa haki, haikuwa wazimu kumchagua. Miezi mingi watu wengi wa kazi hiyo walikuwa wanamuweka kati ya 5 wa kwanza. Usiku ule Toronto ilimchukua Scottie Barnes kwenye 4, Orlando Jalen Suggs kwenye 5, Oklahoma City Josh Giddey kwenye 6, na Kuminga akawa bado anangoja. Kwenye 7 Golden State haikusita. Kwenye 14 ikamchukua Moses Moody, kijana mwingine wa miaka 19.

(Namba 7, kumbe, inawafuata Wakongomani. Bismack Biyombo wa Lubumbashi aliitwa wa 7 mu 2011, Emmanuel Mudiay wa Kinshasa wa 7 mu 2015. Dikembe Mutombo, mu 1991, alikuwa wa 4.)

Kosa la Golden State halikuwa kumchagua Kuminga. Ilichagua njia ya tatu na ikaendelea kutembea kwenye ile ya kwanza. Kipaji kibichi kina bei, na bei yenyewe ni dakika: kumuacha kijana acheze, akosee, apoteze mechi, arudie. Ekipe yenye inataka ubingwa mwaka huuhuu haina hizo dakika. Mwenye ekipe, Joe Lacob, aliamini anaweza kushika vyote viwili, wazee washinde na vijana wakomae pembeni yao.

Na mwanzoni ilionekana ana haki. Mu Juni 2022 Golden State iliipiga Boston 4 kwa 2 na kuchukua ubingwa. Kuminga alikuwa na miaka 19, na mtoto wa Goma akavaa pete. Lakini kwenye fainali yenyewe karibu hakucheza. James Wiseman, mwenye walimchagua wa 2 mu 2020, walimuachilia aende Detroit mu Februari 2023. Jordan Poole naye akaondoka kiangazi cha mwaka uleule. Kwa wale vijana wenye walikuwa watawarithi wazee, wakabakia Kuminga na Moody.

Kuminga aliendelea kupanda. Msimu wa 2023-24 alifika pointi 16.1 kwa mechi. Kisha ikakuja Februari 2025: Golden State ikamleta Jimmy Butler, mwenye miaka 35, na njia ya kwanza ikarudi mlangoni. Butler naye si mtupaji wa mbali, na kuwapanga yeye, Green na Kuminga pamoja kulikuwa kunaufanya uwanja uwe mdogo. Aprili, kwenye mechi ya mwisho ya msimu na ile ya kugombania tiketi na Memphis, Kuminga hakuingia hata dakika moja. Mwezi uliofuata Curry akaumia kwenye duru ya pili, wakalazimika kumrudia, na akafunga pointi 30 kwenye mechi ya tatu. Mbele ya nani? Minnesota, wale wenye zamu yao ndiyo ilimleta.

Franz Wagner alienda kwa Orlando, zamu moja nyuma ya Kuminga. Orlando ilikuwa imeshinda mechi 21 tu na haikuwa na haraka yoyote. Ilimuanzisha kila mechi yenye alicheza mwaka wa kwanza, 79 zote. Julai 2024 ikampa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 224. Haionyeshi kama Kuminga angefanya vilevile kule. Wagner anasoma mchezo vizuri zaidi, na Kuminga mwenyewe amewapa makocha sababu za kumtoa, juu mara nyingi mpira unasimama ukifika mikononi mwake. Lakini kijana mwenye anaingia na kutoka bila kujua kama kesho atacheza hajifunzi haraka, hata akiwa na kipaji cha namna gani.

Kwa vijana wenye wanajifunza basiketi Goma, Bukavu ao Lubumbashi, ile barabara ya Kuminga imefungwa. Ignite ilifungwa kisha msimu wa 2023-24, juu vyuo vikuu vya Marekani sasa navyo vinaweza kuwaletea wachezaji feza. Njia yenye inaonekana leo ni ya Khaman Maluach, Msudani Kusini mwenye alikomea Uganda: akademia ya NBA kule Senegal, ligi ya Afrika ya BAL, mwaka mmoja Duke, kisha zamu ya 10 mu 2025.

Kuminga yeye alifikisha miaka 23 mu Oktoba 2025. Mkataba wake mpya uliweza kuuzwa kuanzia katikati ya Januari 2026, na ukubwa wake ulifaa sana kwa biashara hiyo. NBA inadai mishahara yenye inatoka na yenye inaingia isiachane sana, na Golden State haikuwa na mishahara mingi ya katikati, kati ya wale wakubwa na wale wa bei ndogo. Wa Kuminga ulikuwa mmoja wa hiyo michache.