Njuga za Ndalu na Mkono wa Idi

Wasomaji wa ukurasa huu wanajua kwamba mimi ni mtu wa pwani, na mambo ya bara huyagusa kwa adabu, maana mila ya mtu ni nguo yake. Leo lakini nina neno juu ya Ndalu, na neno lenyewe litateremka hadi Mombasa kabla hatujaagana.

Ndalu iko upande wa Tongaren, katika Kaunti ya Bungoma, jirani na Kitale. Ni nchi ya mahindi, mashamba ya walowezi wa Kizungu yaliyogawiwa wakulima wa Kiafrika katika miaka ya 1960. Wabukusu ndio wengi huko, nao hutahiri wavulana wao mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa shufwa: 2018, 2022, 2024. Mwaka wa witiri kisu hulala.

Sisi Waislamu wa pwani humtahiri mtoto angali mdogo, jambo likaisha nyumbani. Kwa Wabukusu kijana mwenyewe ndiye mwalikaji. Huvaa shanga, akashika njuga za chuma ziitwazo chinyimba, akazigonga huku akicheza, na nyuma yake kundi la waimbaji. Huenda nyumba hadi nyumba kwa jamaa: kwa shangazi, kwa ami, na zaidi kwa mjomba, ndugu wa mama, ambaye humchinjia ng'ombe na kumvisha shingoni pande la nyama liitwalo luliki. Kila mlango humtunza: huyu fedha, huyu kuku. Hatimaye alfajiri ya siku yenyewe hupelekwa mtoni, akapakwa matope, akarudishwa nyumbani kwa wimbo. Ni mila nzuri, yenye heshima, na mtoto aliyeipitia huwajua watu wake wote kwa majina na kwa milango.

Lakini tuitazame njia anayopita. Mila hii ilizaliwa zama ambazo mjomba alikaa ng'ambo ya kijito tu. Watu waliohamia mashamba ya Ndalu waliacha jamaa zao kwingine, nao watoto wao wameoa na kuolewa mbali zaidi. Kijana wa leo ana mjomba Kimilili, shangazi Webuye, na ami Kitale mjini. Ili kuwaalika hana budi kutembea kando ya barabara kuu itokayo Kitale kwenda Webuye, inayopita Kiminini na Kamukuywa, barabara ya malori na matatu na pikipiki. Jua limekuchwa, vumbi limetanda, wimbo umekolea, na kundi limejaa barabarani. Wenye kuimba hawasikii honi.

Tena siku hizi wengi wa hao wavulana ni watoto wa shule ya msingi, na wafuasi wao ni wadogo kuliko wao. Hapo zamani msafara ulikuwa na watu wazima wa ukoo, wenye kujua wapi pa kulala na saa ya kurudi. Leo mara nyingi utakuta waongozaji ni vijana waliokwisha kuonja busaa ya nyumba tatu. Na mabinti wanaoitikia nyimbo usiku kucha, nani anawahesabu? Walimu na machifu wa huko wamelia mara nyingi juu ya wasichana wasiorudi shule baada ya Agosti. Mimi naona kilio chao ni cha haki, na si kilio dhidi ya mila. Hata serikali, katika Sheria ya Watoto ya 2022, haikukataza jando la wavulana. Ilikataza mtoto kutahiriwa kwa nguvu.

Wamarekani nao wana yao. Usiku wa 31 Oktoba watoto wao huvaa vinyago na kubisha hodi kwa majirani wakiomba peremende. Desturi hiyo si yetu, wala siwasihi muiige. Lakini wazazi wa huko kwa miaka mingi wamekuwa wakiogopa mgeni atakayetia sumu katika peremende, na kisa kinachotajwa sana ni cha Texas mwaka 1974, mtoto wa miaka 8 aliyekufa kwa sumu usiku huo. Aliyemtilia alikuwa baba yake mzazi, kwa tamaa ya fedha za bima, naye akanyongwa? La, alidungwa sindano ya kifo mwaka 1984. Kikulacho ki nguoni mwako.

Huku wakimchunga mgeni wa sumu, mwuaji wa kweli akipita mbele yao na taa mbili. Watafiti walichungua ajali za nchi hiyo za miaka 42, tangu 1975 hadi 2016. Wakakuta jioni ya 31 Oktoba hatari ya mwenda kwa miguu kugongwa akafa huzidi kwa asilimia 43 kuliko jioni za wiki iliyotangulia na iliyofuata. Kwa watoto wa miaka 4 hadi 8 huzidi wapata mara 10.

Sasa tuteremke pwani, maana na sisi wana wetu hubisha hodi. Jamaa zetu wa Oman wana usiku wa Qaranqasho katikati ya Ramadhani, watoto wakipita mitaani na mifuko yao kupewa lozi na halua. Na hapa kwetu ni mkono wa Idi. Nilipokuwa mdogo tulitoka na kanzu mpya, binamu yetu mkubwa mbele, naye alituhesabu kila mlango, kuingia na kutoka. Magharibi ilipoadhiniwa ilikuwa lazima tuwe ndani. Tuliambiwa ni saa ya mashetani, tukaamini, tukakimbia.

Siku hizi mtoto hupewa noti asubuhi, na mamake asimwone tena hadi usiku. Huyo kavuka barabara kwenda viwanja vya Makadara, huyo kapanda tuktuk na wenziwe saba kwenda Mama Ngina, fedha mkononi kila mtu azione. Ukimwuliza mama mwana yuko wapi, hukujibu, "Yuko na wenziwe." Na hao wenziwe, je, wako na nani?

Nisemalo ni dogo. Msafara uwe na mkubwa mmoja anayejulikana kwa jina, wa Ndalu na wa Mombasa, asiyekunywa wala kushughulika na simu yake. Milango iwe ya watu tunaowajua. Safari iishe jua lingalipo, na mjomba aliye ng'ambo ya barabara kuu apelekewe mtoto kwa gari, njuga zipigwe uani kwake.

Na ninyi madereva wetu wa Mombasa, mnaopandisha mizigo ya bandarini hadi Kitale, nawaomba kitu kimoja. Agosti ya mwaka wa shufwa, mkifika Kiminini jioni mkasikia chuma kikigongana na watoto wakiimba, punguzeni mwendo, na ikibidi simameni kando hadi wa mwisho wao apite.