Maoni Yetu: Wafikishwe mahakamani

Katiba ya Eritrea iliyoidhinishwa mwaka 1997 inataka kila anayekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Petros Solomon alikamatwa Septemba 2001. Mpaka leo hajapandishwa kizimbani.

Petros aliingia msituni kupigania uhuru wa nchi yake, akaja kuwa waziri wa ulinzi, kisha wa mambo ya nje. Kosa lake ni kutia saini, pamoja na vigogo wenzake 14, barua ya wazi iliyomtaka Rais Isaias Afewerki aanze kuitekeleza katiba hiyo. Septemba 18, wenye saini 11 walitiwa mbaroni, na magazeti binafsi yakafungiwa. Siku tano baadaye mwandishi Dawit Isaak wa gazeti la Setit alichukuliwa nyumbani kwake Asmara.

Desemba 2003 mke wa Petros, Aster Yohannes, alirejea kutoka masomoni Marekani. Watoto wao walikwenda uwanja wa ndege kumpokea mama yao. Wanausalama walimchukua kabla hajawafikia. Naye hajasomewa shitaka lolote.

Hata kesi ya kupikwa huilazimisha serikali kumwonyesha mshitakiwa akiwa hai, kutaja kosa lake na kusema atafungwa miaka mingapi. Jamaa zake hujua wapeleke nguo gereza gani. Asmara inakwepa hata hicho kidogo, maana ushahidi haina, na wazee hawa wakipewa nafasi ya kujitetea hadharani watauliza tena lile swali la katiba.

Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilishaamua. Mwaka 2003 ilitaka wale 11 waachiwe. Mwaka 2007 ikataka waandishi waliokamatwa nao waachiwe au wapewe kesi ya haki, haraka. Isaias hakujali, na hakuna aliyembana. Februari 2023 alipokewa Nairobi kwa heshima zote, ikatangazwa kwamba viza kati ya Kenya na Eritrea zitaondolewa.

Ujirani mwema haumzuii jirani kuuliza. Viongozi wetu wanapoketi na Isaias, wamuulize waziwazi nani kati ya wafungwa hao yu hai na yuko wapi, na wadai daktari na jamaa zao waruhusiwe kuwaona kabla mkataba mwingine wowote haujatiwa saini.