Kuhamia toleo jipya la OpenSSL: Anayechelewa analipa, anayekurupuka analipa

Na Mwandishi Wetu

WATU wengi wanaotuma fedha kwa mtandao, wanaosoma barua pepe au kujaza fomu za serikali kwenye tovuti hawajawahi kulisikia jina la OpenSSL. Hata hivyo, katika seva nyingi duniani ndiyo inayofanya kazi ya kuzifunga taarifa zao kwa siri, ili asiyehusika akizinasa njiani asiweze kuzisoma.

OpenSSL ni kile ambacho wataalamu wa kompyuta hukiita maktaba, yaani mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa na watu wengine, ambao mwandishi wa programu huuchukua na kuupachika ndani ya kazi yake ili asilazimike kuanza upya. Ni sawa na fundi seremala anayenunua kitasa dukani badala ya kufua chuma mwenyewe.

Utaratibu huo umeokoa muda na fedha nyingi, lakini umeleta tatizo lake. Kiwanda kikibadilisha umbo la kitasa, mlango nao hulazimika kuchongwa upya. Swali ambalo taasisi nyingi hazijalijibu ni nani agharamie kazi hiyo, na aifanye lini.

Tarehe zenyewe zimekwisha kutangazwa. Toleo la 1.1.1 la OpenSSL, lililotoka Septemba 2018, lilikoma kuhudumiwa bure Septemba 11, 2023. Toleo la 3.0, lililotoka Septemba 7, 2021, lilipangiwa huduma hadi Septemba 7, 2026. Toleo la 3.5, lililotoka Aprili 8, 2025, limeahidiwa huduma hadi Aprili 2030. Tarehe hizo hazikufichwa, lakini katika taasisi nyingi anayezifahamu ni fundi asiye na mamlaka ya bajeti, na mwenye mamlaka ya bajeti hana habari nazo.

Funzo la mwaka 2014

Aprili 7, 2014, ulimwengu ulitangaziwa dosari katika OpenSSL iliyopewa jina la Heartbleed. Dosari hiyo iliingia katika toleo la 1.0.1, lililotoka Machi 2012, hivyo ilikaa kwa takriban miaka miwili bila kutangazwa. Mtu aliyeifahamu aliweza kuituma seva ombi dogo na kurudishiwa kipande cha kumbukumbu yake cha hadi kilobaiti 64, bila kuacha alama ya kawaida ya uvamizi. Ndani ya kipande hicho mliweza kuwamo maneno ya siri ya wateja, au hata ufunguo wa siri wa seva yenyewe.

Nchini Kanada, mamlaka ya mapato ililazimika kufunga huduma zake za mtandaoni wakati wananchi walipokuwa wakijaza marejesho ya kodi. Baadaye ilieleza kuwa namba za bima ya jamii za takriban watu 900 zilichukuliwa.

Kilichowashangaza wengi zaidi ni hali ya waliokuwa wakiitunza programu hiyo. Kampuni kubwa za dunia ziliitegemea, lakini michango iliyopokelewa na waendeshaji wake ilikuwa kiasi cha Dola 2,000 za Marekani kwa mwaka, na mtu aliyeifanya kuwa kazi yake ya kila siku alikuwa mmoja tu. Baada ya aibu hiyo, Linux Foundation na kampuni kadhaa kubwa zilianzisha mfuko wa kusaidia programu huria za namna hiyo.

Fedha na macho mapya vilileta usafi mkubwa wa msimbo. Usafi huo ulianza kuonekana katika toleo la 1.1.0 la mwaka 2016, na toleo la 3.0 likaendeleza mabadiliko. Kwa hiyo, usumbufu ambao mafundi wamekuwa wakiulalamikia tangu mwaka 2021 una mizizi katika matengenezo ambayo dunia yenyewe iliyadai baada ya mwaka 2014.

Kwa nini toleo la 3.0 liliwasumbua wengi

Tarakimu ya kwanza katika namba ya toleo si pambo. Inapobadilika, watunzaji huwa wanatoa taarifa kuwa baadhi ya mambo yaliyofanya kazi jana huenda yasifanye kazi kesho. OpenSSL iliruka kutoka 1 hadi 3 ili lisitokee jambo la kuchanganya toleo hilo na sehemu yake nyingine iliyokuwa tayari inaitwa 2.0.

Mabadiliko yalikuwa ya ndani hasa. Kanuni za kufunga taarifa zilipangwa upya katika mafungu, na zile za zamani zilizokwisha kupitwa na wakati zikawekwa katika fungu la pembeni ambalo halifunguliwi mpaka mwenye mfumo aamue. Miongoni mwake ni kanuni ya MD4, ambayo wataalamu walikwisha kuihesabu kuwa dhaifu kwa miaka mingi.

Matokeo yalionekana Oktoba 2021, wakati Node.js, programu inayotumiwa na waundaji wengi wa tovuti, ilipotoa toleo lake la 17 likiwa na OpenSSL 3. Kazi zilizotegemea Webpack ya toleo la 4 zilianza kukwama, kwa kuwa Webpack ilikuwa ikitumia MD4, si kwa ulinzi bali kwa kutambulisha mafaili tu. Watu ambao hawakuwahi kuigusa OpenSSL walijikuta wakisimamishwa nayo.

Wengine walikwama kwenye vyeti vya kielektroniki vilivyohifadhiwa katika mafaili ya miaka ya nyuma, ambavyo kufuli lake lilitengenezwa kwa kanuni zilizowekwa kando. Aidha, kulikuwa na malalamiko kuwa toleo la 3.0 lilikuwa zito kuliko lililotangulia katika seva zinazohudumia maombi mengi kwa wakati mmoja, kasoro ambayo matoleo yaliyofuata yamejitahidi kuipunguza.

Uzito wa tarehe hizi ulionekana pia kwa watunzaji wa Node.js. Toleo lao la 16, lililojengwa juu ya OpenSSL 1.1.1, lilikuwa limepangiwa kuhudumiwa hadi Aprili 2024. Walirudisha tarehe hiyo nyuma hadi Septemba 11, 2023, siku ileile ambayo OpenSSL 1.1.1 ilikoma, kwa kuwa hawakutaka kuendelea kukihakikishia umma kitu ambacho msingi wake hauna mwenyewe.

Hoja ya wanaochelewa

Wapo wanaosema kuwa asiyehama hapati hasara, na hawakosi ushahidi. Heartbleed haikuwagusa waliokuwa bado katika matoleo ya zamani ya 0.9.8 na 1.0.0. Miaka minane baadaye jambo hilo lilijirudia. Oktoba 25, 2022, watunzaji wa OpenSSL walitangaza kuwa wangetoa kiraka cha dosari waliyoiita ya hatari kabisa. Kilipotoka Novemba 1, dosari ilishushwa daraja hadi kuwa kubwa tu, na ikabainika kuwa iliyahusu matoleo ya 3.0.0 hadi 3.0.6 peke yake. Waliobaki na 1.1.1 walilala usingizi.

Waswahili wana methali za pande zote mbili. Haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Ipi ifuatwe?

Jibu limo katika matukio hayo hayo yanayotajwa na wanaochelewa. Aprili 2014, matoleo ya 0.9.8 na 1.0.0 yalikuwa ya zamani, lakini yalikuwa bado yanahudumiwa, na yaliendelea kuhudumiwa hadi mwishoni mwa mwaka 2015. Novemba 2022, toleo la 1.1.1 nalo lilikuwa bado lina watunzaji wake. Lau dosari ingekuwa upande wao, wangepata kiraka siku hiyohiyo.

Kwa maneno mengine, kilichowaokoa hakikuwa uzee wa toleo lao. Walikuwa wamekaa ndani ya nyumba ya zamani yenye mlinzi. Aliyebaki na toleo lililokoma amekaa katika nyumba ambayo mlinzi amekwisha kuondoka, na mwanya ukigunduliwa hakuna anayelazimika kumwambia wala kumzibia. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza uamuzi, badala ya ubishi wa upya na ukale.

Ni kweli pia kuwa mlinzi anaweza kuwa mwingine. Kampuni zinazouza mifumo endeshi hurekebisha zenyewe maktaba zilizomo ndani ya bidhaa zao. Red Hat, kwa mfano, imepanga kulihudumia toleo lake la 8 la Enterprise Linux, ambalo lina OpenSSL 1.1.1, hadi mwaka 2029. OpenSSL nayo huendelea kuhudumia matoleo yaliyokoma kwa wateja wenye mkataba wa malipo. Lakini taasisi inayojitetea kwa hoja hiyo ni lazima iweze kuonyesha mkataba huo uko wapi, na kama unaihusu kila seva yake.

Nini kifanyike

Jambo la kwanza ni kujua kilichomo. Desemba 2021, dosari ilipotangazwa katika maktaba nyingine iitwayo Log4j, taasisi nyingi zilianza kwa kutafuta mahali ilipo ndani ya mifumo yao kabla ya kufikiria kuiziba. Daftari la maktaba zinazotumika, matoleo yake na tarehe za kukoma kwake halihitaji mitambo ya bei kubwa. Linahitaji mtu aliyepewa jukumu hilo kwa maandishi.

La pili ni mikataba. Mifumo mingi hununuliwa kwa utaratibu ambao mzabuni hukabidhi kazi, hulipwa na kuondoka. Ni nadra kusikika kifungu kinachosema nani atagharamia kuhamia toleo kuu jipya baada ya miaka mitatu au minne. Leseni ya OpenSSL yenyewe inasema wazi kuwa programu hiyo inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Wajibu wa kulinda taarifa za mwananchi umewekwa na sheria juu ya mabega ya anayezikusanya na kuzihifadhi, kama inavyoonekana katika Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data na Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Haiwezekani kumwachia mzigo huo mwandishi wa maktaba aliyeko ng'ambo ambaye hajalipwa chochote.

La tatu ni kuhama kwa hatua. Mwongozo wa OpenSSL unaeleza kuwa programu nyingi zilizofanya kazi na 1.1.1 zitahitaji kujengwa upya tu ili zifanye kazi na 3.0. Lakini neno nyingi si zote, na zile chache zinazobaki hujulikana kwa kujaribiwa katika seva ya pembeni, si kwa kusubiri malalamiko ya wateja siku ya mwisho wa mwezi.

La nne ni kuzifuatilia njia za mkato. Mwaka 2021, wengi waliokwama na Node.js walilifungua tu fungu la kanuni za zamani, kazi ikaendelea. Kama hatua ya dharura, si kosa. Ikibaki hapo miaka mitano bila tarehe ya kuondolewa, faida ya kuhama huwa imepunguzwa na aliyehama mwenyewe.

Waliokwisha kulipa gharama ya kuingia 3.0 wana sababu ya kupumua. Kutoka 3.0 kwenda 3.5 tarakimu ya kwanza haijabadilika, na watunzaji wameahidi kutovunja mapatano ndani ya ukoo mmoja. Toleo la 3.5 limeongeza pia kanuni zilizobuniwa kuhimili kompyuta za kwantamu, jambo linaloonyesha kuwa safari hii haina kituo cha mwisho.

Kwa wale ambao bado wako 1.1.1 bila mkataba wala mlinzi, hesabu ni nyingine. Gharama waliyoiahirisha haijafutwa, na siku itakapodaiwa, wa kwanza kuilipa hatakuwa mkurugenzi aliyeikata katika bajeti. Atakuwa ni yule aliyejaza fomu kwenye tovuti akiamini kuwa mlango umefungwa.