Wingi wa Masomo Si Elimu

Mkulima wa Mbuji hachimbi ngoro nyingi kuliko anazoweza kuzipalilia. Hata hivyo, wapo wazazi na walimu wanaomsajili kijana masomo kumi katika mtihani wa Kidato cha Nne, wakidhani wingi ndio elimu. Hiyo ni kasumba. Baraza la Mitihani la Taifa hupanga daraja kwa masomo saba tu ambayo mtahiniwa ameyafanya vizuri zaidi. La nane ni akiba. Na anayelenga udaktari haachi Fizikia na Kemia. Lakini somo la kumi lililoongezwa kwa fahari hula saa za Hisabati. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikosoa elimu inayotawaliwa na mitihani. Ndugu walimu, kabla ya kujaza fomu za usajili, tumwulize kijana anaelekea wapi.