ELIMU NA MAARIFA: Jiwe Lenye Vitundu na Mabaki ya Mafuta



Ndugu wasomaji, katika ukurasa wetu wa mwezi huu twapenda kuizungumza glisarini. Kina mama waijua: ni yale maji mazito, matamu, yasiyo na rangi, yauzwayo madukani kwa kulainishia ngozi. Mwaka 1779 mtaalamu wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, aliipata katika mafuta ya zeituni. Hutolewa katika mafuta ya mimea na katika shahamu za wanyama pia, na ndiyo sababu Mwislamu huuliza asili yake aikutapo ndani ya dawa au peremende.

Zamani glisarini ilitokana hasa na utengenezaji wa sabuni. Kisha, tangu miaka ya 2000, nchi za Ulaya zilizidisha kutengeneza biodizeli, yaani mafuta ya magari yatokanayo na mimea, ili zipunguze kutegemea petroli. Nia ilikuwa njema. Lakini kila kilo 100 za biodizeli huacha kilo 10 hivi za glisarini chafu, iliyochanganyika na maji na chumvi. Mabaki yakazidi mahitaji, bei ikaanguka, hata wengine wakaona afadhali kuyachoma. Basi hapa pana funzo: jambo jema halijatimia ikiwa mtendaji hajakitazama akiachacho nyuma yake.

Wataalamu wakaligeukia jiwe. Mwaka 1756 Axel Cronstedt, naye pia wa Uswidi, alilipasha moto jiwe fulani, akaliona latoa mvuke kana kwamba lachemka. Akaliita zeoliti, na maana yake kwa Kiyunani ni jiwe lichemkalo. Mawe ya namna hii yamejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Katika aina moja itengenezwayo na wanadamu, iitwayo ZSM-5, upana wa kitundu ni kiasi cha nusu ya sehemu moja ya milioni ya milimita.

Ndani ya vitundu hivyo mna asidi. Mvuke wa glisarini ukipitishwa humo katika joto la digrii 300 hivi, huvuliwa maji yake ukageuka akrolini. Harufu yake mwaijua: ni ule moshi mkali utoao machozi mafuta yaunguapo kikaangoni. Ni sumu, lakini mikononi mwa mjuzi huwa mali, kwani katika akrolini hupatikana kirutubisho cha chakula cha kuku, na malighafi ya rangi, gundi, na ule unga unyonyao maji ndani ya nepi za watoto. Kwa kawaida vitu hivyo hutokana na mafuta ya petroli.

Ama taabu iliyobaki ni masizi. Fikirini vichochoro vya Lamu: punda mmoja akilala njiani, wote walio nyuma yake husimama. Ndivyo masizi yazibavyo vitundu, na baada ya muda si mrefu jiwe hupoteza nguvu. Dawa moja ni kuyachoma masizi kwa hewa ya moto. Dawa nyingine ni kulitia jiwe katika kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, ili itoboe njia pana kati ya vichochoro. Lakini ikizidi, jiwe lote hubomoka. Asidi nayo ikiwa nyingi, masizi huongezeka. Ikiwa haba, kazi hailipi. Ufundi wote wa jambo hili, basi, ni kuupata wastani.

Ndugu zetu vijana, dini yetu yatukataza israfu, tena yatufundisha kuwa watu wa wastani. Msidhani kuwa elimu hii ni ya wageni. Neno alkali, ambalo ndilo jina la jamii ya kostiki soda, asili yake ni Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea yaliyotengenezewa sabuni. Wazee wetu wa Kiislamu waliyaona majivu wakatoa usafi. Je, sisi twaona nini katika mafuta tuyamwagayo na maganda tuyatupayo kila siku? Someni kemia, na wazazi wasaidieni, wavulana na wasichana pia. Kitu kisichojulikana matumizi yake huitwa takataka. Kikijulikana, huitwa neema.

Wabillahi tawfiq.