DJ Mehdi, mtengeneza biti ambaye Ufaransa ilimtambua akiisha kufa

Wenye kufuata rap ya Kifaransa toka zamani, hapa Kongo na kule Poto, wanaujua wimbo "Tonton du bled" wa kundi 113. Wanaijua sauti ya Rim'K na hadithi anayosimulia: kijana wa kitongoji cha Paris anayepakia mizigo kwenye gari mpaka inapita paa, kisha anashuka likizo Algeria, kwa wazee wake. Ukiwauliza ni nani alitengeneza ule muziki, wengi wananyamaza. Ni Mehdi Favéris-Essadi, ambaye watu wote walimwita DJ Mehdi. Alikufa mjini Paris tarehe 13 Septemba 2011, akiwa na miaka 34.

Miaka 13 kisha kifo chake, mwezi wa Septemba 2024, televisheni ya Arte ilitoa filamu ya vipindi sita juu ya maisha yake, "DJ Mehdi: Made in France", kazi ya rafiki yake Thibaut de Longeville. Filamu hiyo ilizungumziwa sana, hata na watu ambao hawajawahi kununua sahani moja ya rap. Mtu aliyefanya kazi nyuma ya mashine, asiyekuwa mwimbaji, amerudi kwa nguvu kuliko marapa wengi walio hai. Kwa nini yeye, na kwa nini wakati ule?

Tuanze na wakati. Kiangazi cha 2024 kilikuwa kigumu Ufaransa. Tarehe 30 Juni chama cha Rassemblement National kilitoka cha kwanza katika duru ya kwanza ya uchaguzi wa wabunge. Juma moja baadaye, katika duru ya pili, kikateremka mpaka nafasi ya tatu. Tarehe 26 Julai Aya Nakamura, mzaliwa wa Bamako aliyekomea Aulnay-sous-Bois, aliimba kwenye ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki pamoja na bendi ya Garde républicaine, kisha miezi ya matusi kutoka kwa watu waliosema hafai kuiwakilisha inchi. Sisi Wakongomani tulikuwa tumeisha kuuona mchezo huo. Mwaka wa 2021 Youssoupha, mzaliwa wa Kinshasa na mtoto wa Tabu Ley Rochereau, alitoa wimbo wa kutangaza wachezaji wa timu ya Ufaransa kwa ajili ya Euro, na viongozi wa chama hicho hicho wakapiga kelele.

Ndani ya fujo hiyo ndimo filamu iliingia, ikiwa na maneno "Made in France" kwenye kichwa chake. Mtoto wa familia yenye asili ya Tunisia, aliyekulia vitongoji vya kaskazini-magharibi mwa Paris, anaonyeshwa kama Mfaransa aliyetengeneza sauti ya inchi yake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya filamu kupendwa: ilifika siku ambapo Wafaransa wengi walihitaji hadithi nzuri juu yao wenyewe. Ila hadithi nzuri inaweza pia kuficha mambo, na nitarudi hapo.

Mehdi alizaliwa tarehe 20 Januari 1977. Mwanzoni mwa miaka ya 90, akiwa bado kijana mdogo, aliingia katika kundi Ideal J, pamoja na Kery James, mtoto wa wazazi wa Haiti. Kery aliandika na kuimba. Mehdi alipiga sahani na kutengeneza muziki. Chombo chake kikubwa kilikuwa sampla, mashine inayokamata kipande kidogo cha wimbo wa zamani, inakikata, inabadilisha mwendo wake na kukizungusha tena na tena mpaka kinakuwa kitu kingine. Wengine wanaita kazi hiyo wizi. Waliowahi kuijaribu wanajua kwamba kuchagua sekunde tatu za kutumia, katika maelfu ya sahani, kunaomba sikio ambalo halifundishwi shuleni.

Sheria nayo iliwasaidia. Toka tarehe 1 Januari 1996 redio za Ufaransa zililazimishwa kupiga angalau asilimia 40 ya nyimbo za Kifaransa. Serikali iliogopa muziki wa Wamarekani, lakini waliofaidika zaidi, bila mtu kuwakusudia, walikuwa watoto wa wahamiaji. Redio za vijana zilihitaji nyimbo mpya za Kifaransa kila siku, na marapa walikuwa nazo. Mwaka huo huo Ideal J ilitoa albamu yake ya kwanza, na mwaka wa 1998 ikafuata "Le combat continue", ambayo wengi wanaihesabu kati ya albamu nzito za rap ya Kifaransa. Kisha, mwaka wa 1999, Las Montana, rafiki wa karibu wa Kery James, aliuawa. Kery alibadilisha maisha yake, akashika dini ya Kiislamu kwa nguvu, na Ideal J ikaisha.

Mehdi hakubaki bila watu. Ideal J ilikuwa sehemu ya kundi kubwa zaidi, Mafia K'1 Fry, la vijana wa Orly, Choisy-le-Roi na Vitry, kusini mwa Paris. Wanaosikia Kifaransa cha mitaani wanalielewa jina hilo: ni neno "africain" lililogeuzwa silabi zake. Humo mlikuwa na watoto wa Mali, Algeria, Antilles, na hata Rohff, mwenye asili ya Komoro, visiwa ambavyo lugha yake ni ndugu ya Kiswahili hiki tunachoandika. Na humo ndimo lilitoka kundi 113: Rim'K, AP na Mokobé.

Albamu yao "Les Princes de la ville" ilitoka mwaka wa 1999. Karibu muziki wake wote ni wa Mehdi. Kwa wimbo "Tonton du bled" alichukua sauti ya Ahmed Wahby, mwimbaji wa Oran ambaye wazee wa Kialgeria walimsikiliza nyumbani kwao Ufaransa wakati watoto walisikiliza rap chumbani. Mehdi aliunganisha vyumba hivyo viwili. Kwa wimbo "Ouais gros" alikata kipande cha Kraftwerk, kundi la Wajerumani lililokuwa limetengeneza muziki wa mashine toka miaka ya 70. Mtu anayesema baadaye kwamba Mehdi aliacha rap ili akimbilie muziki wa elektroniki, asikilize kwanza wimbo huo. Mambo yote mawili yalikuwamo toka mwanzo.

Mwaka huo huo wa 1999, Passi, mzaliwa wa Brazzaville, alikusanya marapa wenzake wenye asili ya Kongo katika kundi Bisso na Bisso, wakaingiza rumba ndani ya rap. Kwa hiyo Mehdi na Rim'K hawakuwa peke yao. Kizazi kizima kilikuwa kimechoka kuiga New York na kilianza kufungua masanduku ya muziki ya wazazi. Kwetu, ambako kila familia ina mtu aliyeko Poto na anayerudi wakati wa likizo na masanduku makubwa na hadithi kubwa kuliko masanduku, hakuna aliyehitaji kutafsiriwa "Tonton du bled".

Mwaka wa 2000, kwenye sherehe ya Victoires de la musique, 113 walipata tuzo mbili. Waliingia jukwaani na Peugeot 504, ile gari iliyobeba mizigo ya wahamiaji wa Afrika ya Kaskazini na iliyozeeka vile vile kwenye barabara zetu. Picha hiyo ilibaki kichwani mwa watu. Na waliobaki kichwani mwa watu ni wale watatu waliokuwa mbele. Aliyetengeneza muziki alibaki jina dogo ndani ya kijitabu cha CD.

Kuanzia hapo Mehdi alianza kutafuta njia ya kuwa mbele mwenyewe. Mwaka wa 2002 alitoa albamu yake, "(The Story of) Espion". Pedro Winter, aliyekuwa meneja wa Daft Punk, alianzisha lebo ya Ed Banger mwaka wa 2003, na Mehdi akaingia humo. Albamu "Lucky Boy" ilitoka mwaka wa 2006; mwaka uliofuata Thomas Bangalter wa Daft Punk aliurefusha na kuukaza wimbo wake "Signatune", na ukapigwa katika vilabu vya usiku vya inchi nyingi. Kijana aliyekuwa amepigia sahani marapa wa Orly sasa alikuwa anapanda ndege kila mwisho wa juma kwenda kuchezesha watu.

Hapa ndipo maneno yalianza. Katika rap wapo waliosema amewaacha ndugu zake na kwenda kwa watoto wa matajiri. Katika vilabu wapo waliomuona kama kitu cha ajabu, mtu wa rap anayecheza muziki wao. Filamu inasimulia jambo hilo kwa upole, kama kutoelewana kwa muda kati ya marafiki. Mimi naona kuna kitu kigumu zaidi. Mehdi angeweza kuvuka kwa sababu mbili: kipaji chake, na kwamba kazi yake haikuwa na maneno. Biti haisemi inatoka mtaa gani. Rapa anayesimulia polisi na umaskini anabeba mtaa wake mdomoni, na mlango wa kilabu unajua kumtambua kabla hajafungua kinywa. Sauti ya kitongoji iliingia katikati ya Paris kupitia Mehdi. Wakaaji wa kitongoji wengi walibaki nje. Kumsifu yeye kama ushuhuda kwamba mlango ulikuwa wazi ni kuusema ukweli nusu.

Usiku wa tarehe 13 Septemba 2011 Mehdi alikuwa na marafiki nyumbani kwake Paris. Paa la vioo walilokuwa juu yake lilivunjika wakaanguka. Wengine waliumia, yeye akafa. Alikuwa na umri ambao watengeneza muziki wengi ndipo wanaanza kuvuna.

Nimesema biti haina maneno. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye biti husahauliwa kwa urahisi, na jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Ufaransa ina chombo cha kukusanya haki za watunzi, SACEM, kilichoundwa mwaka wa 1851. Wimbo ukipigwa redioni ao jukwaani, pesa hugawanywa kwa desturi katika theluthi tatu: moja ya aliyeandika maneno, moja ya aliyetunga muziki, moja ya mchapishaji. Mtengeneza biti akiandikisha kazi yake, theluthi ya muziki ni yake, hata kama uso wake haujulikani na mtu. Kwa njia hiyo mtu wa nyuma ya mashine anaweza kuishi kwa wimbo wa mwaka wa 1999 miaka mingi baadaye.

Kongo nayo ina sheria. Ile ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi, na toka mwaka wa 2011 SOCODA ndiyo yenye kazi ya kukusanya na kugawanya. Lakini ingia katika studio ndogo ya Goma, Bukavu ao Lubumbashi, uangalie namna kazi inavyofanyika. Kijana ana kompyuta moja na spika mbili, umeme unakuja na kuondoka. Msanii anafika, anachagua biti, anatoa dola chache mkononi, anaimba, anaondoka na wimbo. Hakuna karatasi. Jina la mtengeneza biti linasikika sekunde mbili mwanzoni mwa wimbo, kelele ya haraka kabla ya rapa kuanza, basi. Wimbo ukipendwa na kusambaa YouTube, pesa zinakwenda kwa mwenye chaneli. Yule kijana ameisha kulipwa, wanasema.

Sio kila mara ni ubaya wa msanii. Naye mara nyingi anaimba kwa hasara. Na ni kweli kwamba kugawanya pesa ambazo redio haijalipa ni kugawanya hewa. Lakini bila jina kuandikwa popote, hata siku pesa zitakapopatikana, hakutakuwa na njia ya kujua zimfikie nani. De Longeville aliweza kutengeneza vipindi sita juu ya rafiki yake kwa sababu vitu vilibaki: mikanda ya video, CD zenye majina, mikataba, watu walio hai wenye kukumbuka. Ni watengeneza biti wangapi wa Kivu walioacha mkanda hata mmoja?

Vijana wanaofanya kazi hiyo hapa kwetu hawahitaji kungojea Kinshasa ili waanze. Ukurasa mmoja unatosha: jina la wimbo, jina la aliyeandika maneno, jina la aliyetunga muziki, sehemu ya kila mmoja, tarehe, sahihi mbili, na picha ya ukurasa huo katika simu zote mbili kabla rapa hajatoka studio.