AC "inayokula umeme kama feni" haipo, tuache kuwaandikia wateja hivyo

Wauzaji wenzangu wa vifaa vya umeme, joto la Dar likianza tu posti ni zile zile: "AC inverta, inakula umeme kama feni, bei njoo DM." Jamani! Feni ya kusimama inakula wati 50 hadi 70 hivi. AC ya BTU 12,000 ikiwa imekolea inakula kama wati 1,000. Mteja atajua tu, LUKU itamwambia, na hapo hatarudi kwako hata kununua pasi.

Mimi naona AC inatakiwa iuzwe kwa hesabu ya umeme kwanza, bei ya mashine baadaye. Mashine analipia mara moja, umeme atanunua miaka yote atakayokaa nayo.

Hesabu yenyewe haihitaji shule. Wati 1,000 kwa saa moja ni uniti moja. Mteja wa kawaida wa nyumbani uniti inamgharimu kama shilingi 356 pamoja na kodi. Tuseme analala na AC saa 8. Ya kawaida ikila uniti 6.6 kwa usiku, mwezi ni kama elfu 70. Inverta ikila 4.8, mwezi ni kama elfu 51. Hiyo ni elfu 19 kila mwezi, kwa mwaka inapita laki 2. Sasa ndo unamwonyesha kwamba ile pesa aliyoongeza kununua inverta inarudi.

Halafu kuna wale wa bei ya chini, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Huyu mwambie kabla hajalipa: uniti 4.8 mara siku 30 ni 144. AC peke yake imeshamtoa huko. Najua unaweza kupoteza mauzo hapo, lakini bora upoteze hayo.

Ila inverta nayo sio dawa ya kila kitu. Faida yake inaonekana ikiwaka muda mrefu, maana chumba kikishapoa kompresa inapunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka upya. Mtu wa kuwasha sebuleni saa moja wageni wakija, ya kawaida inamtosha kabisa. Na kama mtaani kwake umeme unapanda na kushuka, muuzie na kifaa cha kuukinga, bodi ya inverta ikiungua matengenezo yake ni ghali.

BTU ndo tunaharibu zaidi. Mteja ana chumba cha mita 3 kwa 3 anataka 18,000 "ipoze haraka", na wewe unachekelea tu kwa sababu faida ni kubwa. 9,000 inamtosha! Muulize pia kama kuna dari. Chini ya bati tupu mashine haipumziki, hata uweke inverta.

Angalia stika ya pembeni ya mashine. Chukua wati za kupoza, gawanya kwa wati za umeme inazokula. 3,500 kwa 1,100 unapata 3.2. Namba ikiwa kubwa, umeme unaenda kidogo. Ukiwa na mashine mbili za BTU sawa, hiyo ndo ya kuzilinganisha.

Posti zangu naandika hivi: "BTU 9,000, inverta, chumba hadi mita 3 kwa 4 chenye dari. Wati ziko kwenye picha ya pili. Niambie unawasha saa ngapi kwa siku nikupigie hesabu ya LUKU." Na bei naiweka hapo hapo.